Spika ya wati 500 kwenye hedi ya wati 50: nifungeje boksi langu la gitaa?

"Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Tanga. Nimepata hedi ya valvu ya wati 50, yaani amplifaya isiyo na spika ndani, imetumika lakini iko vizuri, na nyuma ina matundu matatu yaliyoandikwa 4, 8 na 16. Boksi langu ni la spika mbili za inchi 12. Moja ni Celestion Vintage 30, omu 8. Nyingine haina hata karatasi ya jina, na hiyo imeungua wiki mbili zilizopita tukiwa kazini. Sasa nimeuziwa spika ya inchi 12 ya muziki wa sherehe, imeandikwa wati 500, omu 8. Nimeambiwa nikiifunga sauti itakuwa maradufu na haitaungua tena. Nimeipima kwa mita naona 6.3. Muuzaji anasema ni kawaida, fundi wa mtaani anasema imechoka. Mmoja ananishauri nifunge paralo nipate 16, mwingine anasema siriesi. Kebo ya kutoka hedi kwenda boksi natumia ile ile ya gitaa. Jumamosi tuna harusi. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa spika. Umeuliza vizuri kwa sababu umetaja vipimo, na hivyo ndivyo vinavyoniwezesha kukujibu nikiwa mbali. Kwa ufupi unaogopa kuunguza spika ya pili na kuharibu hedi uliyoitafuta kwa shida. Hofu hiyo ni ya kweli, ila hatari haitokei pale ulipodhani. Usiiwashe hedi hiyo tena mpaka ubadilishe kebo.

Kebo ya gitaa imetengenezwa kubeba ishara ya pikapu, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa, ambayo kwa kawaida haifiki hata volti moja. Kata kipande cha kebo mbovu uangalie ndani: utaona uzi mwembamba katikati, umezungukwa na wavu wa shaba wa kuzuia kelele. Hedi ya wati 50 ikisukuma spika ya omu 8 kwa nguvu zake zote inatoa volti 20 na ampea 2.5. Ukishuka kwenye omu 4, volti ni 14 lakini ampea zinapanda hadi 3.5. Mkondo wote huo unapita kwenye kile kiuzi chembamba. Kinapata moto, plastiki yake inalainika, na siku moja uzi unagusa wavu au unakatika kabisa katikati ya wimbo. Kebo ya spika ni waya mbili zilizolingana unene, zimelala pamoja bila wavu. Nenda duka la umeme ununue waya laini wa nyuzi nyingi, wa njia mbili, milimita za mraba 1.5, mita moja na nusu inatosha. Funga jeki mbili imara za chuma: chanya kwenye ncha, hasi kwenye shina. Ibandike utepe mwekundu ili usiku, jukwaani, mtu asiichanganye na ya gitaa.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya namna valvu zinavyofanya kazi. Kati ya valvu na spika kuna transfoma ya kutolea sauti. Valvu zina volti nyingi na mkondo mdogo, ilhali spika inataka volti chache na mkondo mkubwa. Transfoma ndiyo dalali wao. Chukua hedi yenye valvu mbili za EL34, ambazo ndizo za kawaida kwenye wati 50: upande wa valvu kuna karibu mizunguko 20 ya waya kwa kila mzunguko mmoja wa upande wa spika. Ishirini mara ishirini ni 400, na 400 mara omu 8 ni 3,200. Kwa hiyo valvu haziioni spika yako ya omu 8. Zinaona mzigo wa omu elfu tatu na kitu, na ndio mzigo zilioandaliwa kuusukuma. Matundu ya 4, 8 na 16 ni sehemu tofauti za kutokea kwenye waya ule wa pili, zilizopangwa ili valvu zione mzigo ule ule, uwe umefunga spika ya omu 4, 8 au 16.

Kebo ikikatika, mzigo unatoweka. Nguvu iliyohifadhiwa kwenye uga wa sumaku wa transfoma inakosa pa kutokea, inarudi upande wa valvu, na volti ambazo tayari ni 400 na zaidi zinapaa mpaka zinaruka kama radi ndogo. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea hedi iliyonyamaza kwenye harusi. Mtu alikuwa ameikanyaga kebo ikachomoka nyuma ya boksi, yeye akadhani sauti imepungua, akaongeza volyumu na kuendelea kupiga. Nilipofungua nilikutana na harufu ya vanishi iliyoungua. Nilipochomoa valvu moja nikaona mstari mweusi kama wa penseli kwenye soketi, umetoka pini ya 3 kwenda pini ya 2. Yalikuwa makaa ya njia ambayo cheche zilipita. Soketi nilibadilisha, lakini transfoma ilikuwa imekufa, na hiyo ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote ndani ya hedi. Kampuni ya Fender kwenye amplifaya zao nyingi za valvu waliweka tundu la spika linalogusanisha waya zake lenyewe ukichomoa kebo, kwa sababu transfoma ya valvu huvumilia kwa muda spika iliyogusana kuliko spika isiyokuwepo. Wewe usitegemee kinga hiyo. Hakikisha tu kebo imeingia kabla ya kuwasha.

Tuje kwenye 6.3 yako. Hapo muuzaji amesema kweli na fundi wa mtaani amekosea. Mita inapima ukinzani wa koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, ikiwa imetulia, kwa mkondo usiobadilika. Namba 8 iliyoandikwa mgongoni ni upinzani wa spika wakati inacheza, na huo haukai mahali pamoja. Chini kabisa, karibu na sauti ambayo koni, ile karatasi ya mbele ya spika, hupenda kutikisika yenyewe, omu hupanda hadi makumi. Zinashuka katikati, halafu zinapanda tena kwenye sauti kali. Nane ni jina la kufanyia hesabu. Spika ya omu 8 ikiwa nzima husoma 6 hadi 7 kwenye mita, ya omu 16 husoma 12 au 13, na ya omu 4 husoma 3 na kidogo. Kabla ya kupima gusanisha ncha za mita, uone waya zake zenyewe zinasoma ngapi, utoe. Ikisoma omu moja au mbili, koili imegusana. Ikikataa kusoma kabisa, waya umekatika.

Kuhusu paralo na siriesi, aliyekuambia paralo itakupa 16 amegeuza mambo. Fikiria watu wanatoka ukumbini. Milango miwili ikiwa ubavuni kwa ubavu, watu wanatoka kwa urahisi zaidi: hiyo ndiyo sambamba, au paralo. Milango miwili ikifuatana kwenye korido moja, kila mtu lazima apite yote miwili: huo ni mfululizo, au siriesi. Spika mbili za omu 8 kwa paralo ni omu 4, na kwa siriesi ni 16. Za omu 16 mbili kwa paralo ni 8. Maboksi makubwa ya spika nne huchanganya njia zote mbili, jozi mbili za siriesi zikafungwa paralo, na ndiyo maana spika nne za omu 16 zinarudi kuwa 16 vilevile.

Kwa kuwa hedi yako ina matundu yote matatu, kimahesabu njia zote mbili zinakubalika: paralo unachomeka 4, siriesi unachomeka 16. Mimi ningefunga paralo, na sababu yangu ni ile habari ya kebo. Kwenye siriesi koili moja ikikatika, njia nzima imekatika, spika zote mbili zinanyamaza na transfoma inabaki bila mzigo. Kwenye paralo spika moja ikifa kwa koili kukatika, nyingine inaendelea kuimba. Hedi inajikuta na omu 8 kwenye tundu la 4. Si sahihi, lakini itakuvusha mpaka mwisho wa wimbo. Kupishana kwa mara mbili, juu au chini, hedi nyingi za valvu zilizo nzima huvumilia kwa muda. Spika ya omu kubwa kuliko tundu inapandisha volti na kuitesa transfoma, ya omu ndogo inapandisha mkondo na kuzizeesha valvu. Usizoee hali hizo, ila yakitokea usikate tamaa.

Hapa nichepuke kidogo, maana naona watu wengi wanachanganya. Kwa amplifaya za transista mambo ni tofauti. Nyingi hazina transfoma ya kutolea sauti, na kukosa spika haziumii. Zinachoogopa ni omu ndogo. Ikiandikwa isipungue omu 4, usiipe 2. Ukiipa 8 au 16 itapunguza nguvu tu. Mwenzako mwenye amplifaya ya transista akikuambia amechomoa spika mara kumi bila madhara, anasema kweli kwa mashine yake. Usifuate.

Sasa zile wati 500. Wati zilizoandikwa kwenye spika ni uvumilivu: joto kiasi gani koili inaweza kubeba bila kuungua. Hazisemi itatoa sauti kiasi gani. Sauti inasemwa na namba nyingine ambayo wauzaji wengi hawaitaji, yaani desibeli ambazo spika inatoa ukiipa wati moja na kusimama mita moja mbele yake. Vintage 30 yako ni ya wati 60 na inatoa desibeli 100. Celestion Blue, ile iliyojulikana ndani ya amplifaya ya Vox AC30, ni ya wati 15 tu, na yenyewe inatoa desibeli 100. Uvumilivu wake ni robo, sauti ni ile ile. Greenback, nayo ya Celestion, ya wati 25, inatoa 98. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza au kupunguza nguvu ya amplifaya mara mbili, na ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo spika ikizidiwa desibeli 3 na mwenzake, hedi yako ya wati 50 imegeuka ya wati 25 bila wewe kugusa kitu. Spika ya wati 500 haiwezi kuipa hedi nguvu isiyokuwa nayo.

Na hizo 500 zenyewe zitilie shaka. Spika nyingi madukani huandikwa kilele cha sekunde moja badala ya nguvu ya kudumu, na nyingine huandikwa namba ya kupendeza tu. Igeuze uangalie. Spika ya kweli ya nguvu hizo ina sumaku nzito na koili pana, na utaisikia mkononi mara unapoinyanyua. Sumaku ya Vintage 30 peke yake ina kilo 1.4 na koili yake ina upana wa milimita 44, na hiyo ni wati 60. Kama spika yako mpya ina sumaku ndogo kuliko ya Vintage 30 na inajiita wati 500, jibu umelipata.

Hata ikiwa ya kweli, bado si spika ya gitaa. Spika ya sherehe hutengenezwa kubeba besi, na juu yake kunakuwa na spika nyingine ndogo inayobeba sauti kali. Koni yake ni nzito na inaanza kuzima mapema. Spika ya gitaa ina koni nyepesi ya karatasi, inaanza karibu na herzi 75, inapanda kwa makusudi kati ya herzi 2,000 na 4,000, kisha inaporomoka baada ya 5,000. Pale palipopanda ndipo ulipo mng'ao wa kidole kwenye uzi, na pale inapoporomoka ndipo mikwaruzo ya amplifaya inapochujwa. Ukipigia kwenye spika ya sherehe peke yake gitaa linakuwa kama limefunikwa blanketi. Ukiongeza trebo kwenye hedi ili kufidia, Vintage 30 iliyo kando yake itakuwa inachoma masikio. Nakushauri uirudishe, na wakikataa muuzie mpiga kinanda wenu au mtu wa maboksi ya sherehe. Huko itafaa.

Labda unajiuliza kwa nini ile ya kwanza iliungua. Sijaiona, kwa hiyo sitaapa. Ila fahamu kwamba hedi ya wati 50 haisimami kwenye 50. Namba hiyo ni ya sauti safi. Ukiipeleka mbele mpaka inakwaruza, mawimbi yanakatwa vichwa na miguu, yanakuwa ya mraba, na nguvu inayofika kwenye spika inaweza kukaribia mara mbili. Mafundi wa zamani walilijua hilo. Kampuni ya Marshall walipotoa hedi zao za kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, spika za Celestion za wakati ule zilibeba wati chache kila moja, ndiyo maana zikawekwa nne kwenye boksi moja. Lile boksi kubwa tunalolisifia kwa mwonekano lilizaliwa kwa sababu ya joto. Kwako wewe mgawo ni huu: spika mbili za omu sawa zinagawana, kila moja wati 25 za sauti safi, karibu 50 ukikwaruza. Nunua kila spika ya wati 50 na kuendelea.

Nadhani sasa unaona ya kuchagua. Njia bora ni kupata Vintage 30 nyingine ya omu 8. Ni ghali na ni nzito kusafirisha, lakini utakuwa na jozi inayofanana na hutafikiria tena. Njia ya pili ni spika tofauti ya gitaa, omu 8 vilevile. Omu zisipolingana mgawo unaharibika: ukifunga 8 na 16 paralo, mzigo unakuwa 5.3, namba isiyo na tundu, na ile ya 8 inabeba theluthi mbili za nguvu zote. Angalia na desibeli pia. Celestion Creamback ya wati 65 ina 97. Vintage 30 itaizidi kidogo, lakini wanaozichanganya ni wengi, na mimi naupenda mchanganyiko huo kwa dansi, kwa sababu Vintage 30 peke yake inasukuma sana sauti ya kati ya juu. Ukumbini kwenu tarumbeta na mwimbaji wako hapo hapo, mtagombana. Creamback inalaza makali. Gitaa la solo la dansi, lile la Mbaraka Mwinshehe au la Franco kule Kinshasa, linataka kila noti isimame peke yake hata ukipiga haraka, na hilo linapatikana kwenye spika ambayo haijafika mwisho wa nguvu zake. Ndiyo maana Greenback za wati 25, pamoja na utamu wake wote, singekupa mbili kwa hedi hiyo. Na G12T-75, spika nyingine ya Celestion, sikushauri kwa bendi yenye tarumbeta. Sauti yake ya kati imebonyea, ukiwa chumbani inapendeza, ukiwa jukwaani unapotea.

Njia ya tatu ni kuitengeneza iliyoungua, kubadilishiwa koili na koni. Mafundi wazuri wa kazi hiyo wapo na gharama ni ndogo. Tatizo ni kwamba koni za kubadilishia zinazopatikana kirahisi ni za spika za sherehe, nzito. Utarudishiwa spika inayolia, lakini si ile uliyoijua. Ukiamua hivyo, mwambie fundi unataka koni nyepesi ya karatasi yenye ukingo wa karatasi, na usiichukue kabla hujaipima kwa mita ukaona 6 hadi 7. Kisha weka vidole vya mikono yote miwili kuizunguka koni, ibonyeze taratibu, isikilize kwa karibu. Ikikwaruza hata kidogo, koili haijakaa katikati. Mrudishie hapo hapo.

Siku ya kufunga, hedi iwe imezimwa na kebo zote zimetoka. Lalisha boksi kwa uso wake juu ya kitambaa, na kila spika uifunike kwa kadibodi upande wa koni wakati unazungusha skrubu. Nimeona koni mpya ikitobolewa kabla haijalia hata mara moja, kwa sababu sumaku inavuta bisibisi ghafla na mkono unateleza. Skrubu zikaze kwa kupishana, moja huku na nyingine upande wa pili, na usizibane kupita kiasi maana fremu inapinda. Waya wa ncha ya jeki uende kwenye chanya za spika zote mbili, waya wa shina uende kwenye hasi zote mbili. Hiyo ndiyo paralo. Kama unachomelea kwa risasi, usiache chuma cha moto pale zaidi ya sekunde tatu nne, kwa sababu joto linatembea mpaka kwenye zile nyuzi laini zinazokwenda kwenye koni. Pini za kubana ni salama zaidi kwa mkono usiozoea.

Usiamini rangi za spika bila kuzijaribu. Chukua betri ya volti 1.5, na kabla hujachomeka kebo kwenye hedi gusisha chanya ya betri kwenye ncha ya jeki na hasi kwenye shina, kwa nukta moja tu. Koni zote mbili ziruke mbele. Moja ikirudi nyuma, imegeuzwa, badilisha waya zake. Spika za zamani za JBL, kwa mfano, ziliwekwa alama kinyume na za wengine. Spika mbili zinazosukumana kinyume haziungui wala hazitoi moshi, ila besi inatoweka na sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ndogo. Nimewaona watu wakibadilisha valvu na pikapu, hela zinaisha, kumbe ni waya mbili tu.

Kuhusu Jumamosi, usihangaike kutafuta spika ya haraka. Ondoa ile iliyoungua kwenye njia kabisa, maana koili iliyoungua inaweza kugusana na kushusha omu, na uwazi wake uuzibe kwa kipande cha plaiwudi. Hakikisha Vintage 30 inasoma 6 hadi 7, ifunge peke yake, uchomeke tundu la 8. Inabeba wati 60 na hedi ni ya 50, kwa hiyo kwa sauti safi uko salama. Volyumu usiipeleke mpaka inakwaruza. Ukihitaji zaidi ukumbini, weka maikrofoni mbele ya koni, kando kidogo ya kitovu chake, na mwache mtu wa mitambo akupandishe.

Hayo yote unaweza kuyafanya mwenyewe kwa sababu yako upande wa boksi. Ndani ya hedi usiingie. Kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa kwenye umeme, na volti hizo zinaua. Ukiona fyuzi inakatika tena na tena, bati la ndani ya valvu linakuwa jekundu kama mkaa, sauti inatetemeka au kupungua ilhali spika zinapima vizuri, au ukisikia harufu ya vanishi, zima uipeleke kwa fundi aliyewahi kushika amplifaya za valvu. Muulize wazi kama amewahi. Na kwa kuwa spika yako iliungua hedi ikiwa kazini, hata kama inalia vizuri ningependa aipime transfoma na aangalie soketi za valvu kabla ya msimu wa harusi kupamba moto.

Ukishapata spika ya pili na kuifunga, chukua mita upime kwenye jeki ya kebo yako mpya, upande utakaoingia kwenye hedi. Ukisoma 3 na kidogo, chomeka tundu la 4. Ukisoma 6, spika moja haijashika, rudi nyuma ya boksi uitafute. Ukisoma 12 au 13 umefunga siriesi bila kujua. Mita isiposoma chochote, usiwashe.